Mnara Uko Upande Gani

Kila Jumatatu, kabla ya kahawa ya saa nne, Foekje Ypma alibadilisha picha ya dirishani. Aliishika ile ya juma lililopita kwa viganja, kama mtu aliyebeba sinia ya mayai, akaipeleka chumba cha nyuma na kuilaza kwenye droo pana yenye giza. Kisha akatoa nyingine. Jua hula karatasi, hata jua letu hili la kaskazini linalokuja kama mgeni mwenye haraka. Kwa hiyo kila picha ilikaa mwangani siku saba tu, halafu ikaenda kulala karibu mwaka mzima. Picha zilikuwa hamsini na mbili. Foekje mwenyewe alikuwa na miaka sabini na mmoja, na siku moja alipojaribu kukisia ni mara ngapi tena angeziamsha zote, aliliacha wazo hilo katikati akaenda kumenya viazi.

Zote zilikuwa picha za vyombo vya majini, chapa za shaba za kale. Mchoraji wa zamani alilipaka bamba la shaba nta, akachora kwa sindano, akalizamisha kwenye tindikali ili iile mistari iliyoachwa wazi, akalijaza wino na kulikandamiza kwenye karatasi yenye unyevu. Haya yote Foekje aliweza kukueleza akiwa amesimama mlangoni na kapu mkononi, na mara nyingi alieleza bila kuulizwa. Alikuwa na manowari, alikuwa na meli za wavua nyangumi zilizobanwa na barafu, alikuwa na mashua za mizigo zenye mbao pana ubavuni kama mapezi ya samaki. Picha za rangi hakuzitaka. Alisema maji ya kwetu hayana rangi, yana mistari tu.

Katika mtaa wake hakuna anayefunga pazia. Afungaye pazia ana la kuficha. Ndivyo tulivyolelewa sisi wa Doniasyl, na ndivyo tunavyosengenyana. Basi kila dirisha la mbele ni kama duka lisilouza kitu. Huyu ameweka vyungu viwili vya maua, yule mbwa wawili wa kauri, na Foekje meli yake, imeegemezwa kwenye kibao, uso nje. Wapita njia walisimama. Mchinjaji akipita na baiskeli alipaza sauti, "Bi Foekje, ya juma hili inazama," naye akajibu kupitia kioo, "Imezama tangu kabla babu yako hajazaliwa. Endesha, utagonga nguzo."

Nje ya dirisha, upande wa kushoto wa fremu, kilitundikwa kioo kidogo kinachozunguka kwenye mkono wa chuma. Nyumba za zamani za kwetu nyingi zinacho. Kimeelekezwa mtaani ili aliyeketi ndani aone nani anakuja bila yeye kuinuka wala kuonekana. Watu wengine hukiita mpelelezi. Foekje alikiita kioo cha umbea, kwa sababu alipenda kitu kiitwe kwa kazi yake. Kiti chake kilikuwa upande wa kulia wa dirisha. Kutoka hapo aliitazama Doniasyl nzima ikipita ndani ya kioo kisichozidi sahani.

Kabla ya kustaafu alikuwa mlinzi wa daraja. Miaka thelathini na mmoja alilifungua na kulifunga daraja la bandarini, kwanza kwa kuzungusha gurudumu kwa mikono, baadaye kwa kubonyeza kitufe, mpaka siku walipofunga kamera na kazi yake ikaanza kufanywa na mtu asiyemjua, aliyekaa mbele ya skrini katika mji mwingine. Wakati wake, chombo kilipopita, aliteremsha kiatu cha mti kilichofungwa kwenye kamba ya ufito wa kuvulia samaki, na nahodha akatia sarafu humo. Vitu vingine vilitiwa pia: pipi, samaki aina ya mkunga aliye hai, barua ya posa iliyokosewa tahajia. Mwaka wa sabini na moja, nahodha mmoja mzee aliyekuwa anapita kwa mara ya mwisho alitia sarafu yake, kisha juu ya sarafu akaweka karatasi iliyoviringishwa.

"Hii ilikaa jikoni kwangu chomboni," akamwambia kutoka chini. "Nitakapohamia kwa binti yangu, ataitupa. Wewe una sura ya mtu asiyetupa."

Hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza. Nyingine zote zilikuja kwa sababu yake.

Ilikuwa picha ya bandari ndogo. Mfereji wa maji katikati, mashua tatu, kinu cha upepo, mnara mfupi mnene wenye paa la tandiko kama la punda, na nyuma kabisa, daraja, mistari mitano ya sindano. Mbele gatini kulikuwa na seremala akichonga mlingoti kwa shoka, shoka likiwa mkono wa kushoto. Foekje alimwita Shoto. Miaka thelathini na minane alimsalimu Shoto kila alipomtoa kwenye droo. Maandishi hayakuwepo, mmiliki fulani wa zamani alikuwa ameukata ukingo wa chini ili picha iingie kwenye fremu, na pamoja na ukingo likaenda jina la mahali. Lakini Foekje hakuhitaji jina. Mnara ulikuwa kulia kwa mfereji, kama alivyouona kila asubuhi ya maisha yake ya kazi. Ilikuwa Doniasyl, na mji ukakubali. Watu waliiita Bandari Yetu, na juma la kwanza la Mei, ilipokaa dirishani, walileta wageni wao kuiona.

Mji wote ulikubali, isipokuwa mtu mmoja.

*

Wytske Bruinsma alikuja siku ya Jumatatu, mwanzoni mwa Juni, saa nne kamili, maana hata watu wa makumbusho wanajua kahawa hutiwa saa ngapi. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mpole, aliyetumwa kutoka mji mkuu wa jimbo kusaidia maonyesho ya picha za Foekje katika jengo la mizani ya zamani. Ufunguzi ulikuwa Jumamosi ya juma hilo. Meya angesema machache. Bandari Yetu ingetundikwa peke yake kwenye ukuta wa mwisho.

Foekje alimpa kahawa na biskuti moja, akarudisha kifuniko cha kopo.

"Bi Foekje," alisema Wytske, "nina jambo zito kidogo kuhusu ile picha kubwa."

"Si kubwa. Ni ndogo kuliko gazeti."

"Ile ya ukutani mwishoni. Sitaweza kuandika Doniasyl chini yake." Aliweka kikombe chini. "Mimi ni mtu wa vyombo vya fedha, meli zinanitatiza, kwa hiyo niliuliza. Minara ya namna ile iko kumi na zaidi pwani hii. Na mnara wenu, nimeambiwa, uko upande mwingine. Nitaandika: Bandari isiyojulikana."

Foekje alitazama nje. Katika kioo cha umbea alipita mwanamke na mbwa, akatoweka.

"Ulimuuliza nani?"

"Nahodha mmoja mstaafu."

"Yuko nyumba ya wazee, karibu na tuta. Ana mpira wa hewa puani."

Wytske akawa mwekundu. "Aliniomba nisimtaje. Alisema nikuambie ni kompyuta imesema."

Foekje hakucheka, ingawa mahali fulani ndani ya kifua chake kitu kilitaka kucheka. Alikuwa hajasikia utani wa Rients kwa miaka kumi na mmoja.

*

Rients Ypma alikuwa mdogo wake kwa miaka mitatu. Alianza kusafiri na mashua za mchanga akiwa na miaka kumi na tano, akawa nahodha, na kila alipopita chini ya daraja la dada yake alitia kwenye kiatu cha mti kitu cha kumkera: jiwe, kitunguu, mara moja jino lake mwenyewe. Majira ya baridi ya mwaka wa tisini na saba, katika ukungu, akiingia bandari aliyozaliwa, alikigonga kichwa cha gati na kupasua ubavu wa chombo. Hakuna aliyeumia. Wenye chombo walimshukuru kwa miaka yake mingi na kumwambia apumzike.

Miezi mitano baadaye ilikuwa siku yake ya kuzaliwa. Kwetu siku ya kuzaliwa watu huketi kwenye duara sebuleni, viti vimegusana, kila mtu na sahani ya keki magotini, na huwezi kutoka bila duara zima kukunja miguu. Hapo ndipo Rients alipolianzisha, kwa utani tu, mdomo umejaa keki.

"Ile picha yako ya dirishani, dada. Si Doniasyl."

"Nani kasema?"

"Mnara. Ukiingia bandarini, mnara uko kushoto. Pale uko kulia."

"Mimi nimeuona kulia miaka thelathini."

"Umeuona ukiwa darajani. Daraja limo ndani ya picha, Foekje. Sasa wewe umesimama wapi?"

Duara zima likamgeukia. Foekje hakuwa na jibu, na hakuwa amezoea kukosa jibu mbele za watu.

"Ala, ndiyo maana ulilipiga gati," akasema. "Ulikuwa bado unautafuta mnara."

Wakacheka wote. Kicheko kilizunguka duara zima kikarudi kilikoanzia. Rients aliweka sahani yake sakafuni, taratibu, akasimama, watu wakakunja miguu, akatoka kwenye siku yake mwenyewe ya kuzaliwa bila koti. Alirudi wageni walipokwisha kuondoka. Tangu hapo waliposalimiana waliinamisha kichwa tu kama watu waliowahi kukutana katika ofisi fulani. Kila mmoja alimsubiri mwenzake aanze. Watu wa pwani hii wana methali chache na subira nyingi, na subira nyingine ni kiburi kilichovaa nguo za Jumapili.

Kuhusu daraja, Foekje alijiambia kwamba ile mistari mitano si daraja. Ni uzio wa mafundi. Ni kivuli. Miaka kumi na mmoja alijiambia hivyo, na kila Mei alipoitoa picha aliitazama mbele, kwa Shoto, hakuitazama nyuma.

*

Siku ile Wytske alipoondoka, Foekje alibadilisha picha kwa mara ya pili. Haikuwa zamu ya Bandari Yetu, lakini alimlaza nyangumi wa Juni, ile picha ya meli na barafu, na kuitoa, akaisimamisha dirishani uso nje. Alitaka mtaa uione kwa mara ya mwisho ikiwa na jina. Jumamosi ingekuwa mtoto wa kuokotwa.

Jumanne alikuja Sipke, mwosha madirisha, ambaye huja kila baada ya majuma manne, mvua inyeshe isinyeshe. Foekje alisikia ngazi ikigonga fremu na Sipke akilalama peke yake.

"Mama, nimekigusa kioo chako," alisema kupitia dirisha. "Hakijavunjika. Kimegeuka tu."

"Acha. Nitakirekebisha mwenyewe. Mara ya mwisho ulikielekeza mbinguni, nikakaa mwezi mzima napeleleza bata."

Sipke alienda nyumba ya pili. Foekje alijitilia kahawa, akaketi kwenye kiti chake na kwa mazoea akainua macho kwenye kioo aone nani anapita.

Hakuona mtaa. Aliona Doniasyl.

Kwa muda wa kumeza funda moja hakuelewa anachokiona. Ilikuwa bandari, ndogo, ya kijivu, na kila kitu kilikuwa mahali pake kwa namna iliyomfanya ahisi harufu ya lami. Kinu kilikuwa upande wa kusini, palipo na duka la rangi siku hizi. Ukuta wa gati ulipinda mahali unapopinda. Mnara ulisimama kushoto. Ndipo akafahamu kwamba kioo kimegeukia dirisha, na kilichomo ndani yake ni uso wa picha yake mwenyewe, picha aliyokuwa akiiona kwa mgongo tu kutoka hapo alipoketi.

Kahawa ilipoa. Alijua mara moja, na ndilo lililomuuma. Bamba na karatasi hukutana uso kwa uso. Kilicho kushoto kwenye shaba hutua kulia kwenye karatasi. Mchoraji mwangalifu huchora kinyume ili chapa itoke sawa. Mwenye haraka huketi gatini au ndani ya mashua, akachora anachokiona, na mji wake ukatoka umepinduka. Foekje alikuwa na picha mbili nyingine za namna hiyo kwenye droo, na alipoziweka dirishani aliwaeleza watu siri yake kwa majivuno. Hii hakuwahi kuiuliza swali. Mtu haulizi kitu anachodhani anakijua. Mchoraji alikuwa majini, akitazama mji, na daraja lilikuwa daraja. Lakini kosa lake lilikuwa limeupeleka mnara kulia, na kulia ndiko mlinzi wa daraja anakouona mnara anapoupa mji mgongo na kutazama maji. Makosa mawili yalikuwa yamekutana na kupeana mkono, na yeye akayaita ukweli.

Alimtazama Shoto ndani ya kioo. Shoka lilikuwa mkono wa kulia. Alikuwa seremala tu kama maseremala wengine. Foekje alishangaa kuona kwamba jambo hilo, kati ya yote, ndilo lililomtia machozi.

Kisha akasimama na kuchukua simu, kwa kuwa sasa alikuwa na ushindi mkononi. Bandari ilikuwa Doniasyl, kama alivyosema tangu mwanzo. Rients alikuwa amekosea, na safari hii lingeandikwa ukutani, meya akisikiliza. Alibonyeza namba ya Wytske mpaka tarakimu ya sita, akasimamisha kidole.

Daraja limo ndani ya picha, Foekje. Sasa wewe umesimama wapi?

Akaiweka simu chini.

*

Jumatano alikifungua kioo cha umbea kwa bisibisi, akakitia mfukoni mwa koti la mvua. Picha aliifunga kwa blanketi. Kwa baiskeli upepo ungeichukua, kwa hiyo alitembea, akaikumbatia njia nzima ya tutani, kondoo wakimtazama.

Rients alikuwa ameketi karibu na dirisha, mpira wa hewa puani, mashine ikipumua sakafuni kama mbwa mzee. Alikuwa amepungua. Shingo yake ilisimama ndani ya kola kama mti ndani ya ndoo.

"Umekonda," alisema Foekje.

"Nawe umechukua nilichoacha. Keti." Alilitazama blanketi. "Umeniletea niitazame mpaka nikubali?"

"Nimekuletea kioo."

Mhudumu alileta kahawa, biskuti mojamoja. Walikunywa kwanza, kwa sababu mambo yote hufuata baada ya kahawa. Kisha Foekje aliifungua picha, akaiegemeza kwenye mto kitandani, akakishika kioo mbele yake kwa mikono miwili, akaitafuta pembe.

"Sogeza chini," alisema Rients. "Kulia kidogo. Kulia kwangu. Hapo."

Mashine ilivuta, ikatoa.

"Kushoto," alisema.

"Kushoto."

"Yule mtu alikuwa majini."

"Alikuwa majini, na alikuwa na haraka."

Rients alinyoosha kidole kilichopinda, hakugusa kioo, alikipitisha juu yake tu. "Kinu. Kwa wauza kamba. Hapa tulikuwa tunaogelea, nawe hukuingia." Kidole kikashuka mpaka mahali ukuta unapoishia majini, kikatulia. "Na hapa."

Foekje alijua hapo ni wapi. Akakiegemeza kioo kwenye goti.

"Nililosema siku ile," akaanza. "Kwenye duara."

"Nakumbuka ulichosema."

"Sikuwa na jibu, ndiyo maana. Nilichukua lililokuwa karibu."

"Unajua kwa nini nilitoka?" Rients hakumtazama yeye, alitazama kioo. "Si kwa sababu walicheka. Mimi nimechekwa na watu wa bandari arobaini. Ni kwa sababu ulisema kweli. Ukungu ulikuwa mzito, sikuona hata pua ya chombo. Niliacha kila kifaa nikawa naangalia juu, kushoto, nasubiri mnara utokeze. Nilijiambia, nikiuona mnara nimefika. Wewe ulikuwa darajani, hukuweza kujua. Ulirusha jiwe gizani likanipata jichoni."

Foekje alikuwa amejiandaa kwa mengi njiani, lakini si kwa hilo.

"Nisamehe, Rients," alisema, na maneno yalikuwa mafupi kuliko alivyoyadhania miaka yote hiyo.

"Kula biskuti yako," alisema Rients. "Wanazihesabu."

Walikaa. Nje, kondoo walihama upande mmoja wa tuta kwenda wa pili.

"Kwa hiyo ulikuwa sahihi," Rients alisema baadaye. "Ni Doniasyl. Nenda kamwambie yule bibi wa vijiko."

"Nilikuwa sahihi kwa kukosea."

"Nami nimekosea kwa kuwa sahihi. Tungekuwa watu wa kawaida tungeyamaliza jioni ileile." Alivuta hewa, akapumzika kidogo. "Lakini swali langu hujalijibu. Wewe hujawahi kuliona daraja lako."

"Nimelipaka rangi mara kumi na mbili."

"Kutoka majini, dada."

"Unanijua. Mimi natapika hata kwenye kivuko kikiwa kimefungwa kamba."

"Jumamosi mashua ya wazee inatoka. Ina lifti ya viti vya magurudumu, ina mkate wa sukari, ina mwanamume anayepiga kodiani vibaya. Kila mmoja anaruhusiwa msindikizaji. Mimi kila mwaka husindikizwa na kiti kitupu, na kwa kweli kinaongea kidogo kuliko wewe." Kisha akakumbuka, uso ukajifunga. "Jumamosi una meya. Na maua."

Foekje aliifunga picha kwenye blanketi, polepole, pembe baada ya pembe. Kioo cha umbea alikiacha juu ya meza. Mtaa ungeweza kupita bila yeye kuuona kwa siku chache.

"Inatoka saa ngapi?" aliuliza.

*

Alimpigia Wytske jioni hiyo. Alieleza habari ya shaba na karatasi, na Wytske, ambaye alijua jinsi mhuri unavyochongwa kinyume kwenye fedha, alielewa kabla hajamaliza.

"Basi naandika Doniasyl," alisema kwa furaha.

"Andika: Bandari ya Doniasyl, kinyume, kutoka majini. Chini yake andika: Kosa liligunduliwa na nahodha Rients Ypma."

"Lakini umeligundua wewe, Bi Foekje."

"Mimi nimekiona kioo. Yeye aliliona kosa miaka kumi na mmoja iliyopita. Na mwambie meya aongee mwenyewe. Sitakuwepo."

"Maua tumekwisha kuyaagiza."

"Yaweke chini ya nyangumi. Hajawahi kupewa."

Hivyo Jumamosi alasiri, watu wa Doniasyl walipokusanyika katika jengo la mizani na kusoma jina la nahodha waliyemcheka, dirisha la Foekje lilikuwa tupu. Kibao bila picha, chuma bila kioo. Mchinjaji alipopita alisimamisha baiskeli, akadhani Bi Foekje amekufa, akaja kuchungulia.

Foekje alikuwa majini, kati ya viti tisa vya magurudumu, amevaa koti la mvua lililofungwa mpaka kidevuni, ameshika ukingo wa mashua kwa mikono yote miwili. Kodiani ilikuwa mbaya kama alivyoahidiwa. Walipita kichwa cha gati. Rients alikitazama, akakiinamishia kichwa kidogo, kama mtu anayemsalimu aliyewahi kukutana naye ofisini. Huko nje mawimbi yalikuwa mafupi na ya hasira, kama ya ziwa lolote lililozaliwa bahari kisha likazibwa kwa tuta. Foekje alitapika mara moja, kwa heshima, upande upepo unakokwenda. Rients alimpa leso yake bila kusema kitu, na hilo peke yake lilikuwa zawadi.

Kisha mashua ikageuka kurudi nyumbani.

"Inua kichwa," alisema Rients.

"Siwezi."

"Inua. Sitakuwa na pumzi ya kukuambia mara mbili."

Akainua. Ukuta ulipinda. Duka la rangi lilikuwa palipokuwa kinu. Na mwisho kabisa wa mfereji, dogo kiasi cha kufunikwa na kidole gumba, lilikuwa daraja: mistari mitano ya sindano, basi. Humo ndimo alimokuwa, miaka thelathini na mmoja. Alitafuta mtu juu yake, akakumbuka kwamba hakuna tena mtu.

"Mnara?" aliuliza Rients.

"Kushoto."

"Na wewe umesimama wapi?"

Foekje alifuta mdomo kwa leso ya ndugu yake, akakishika kiti cha Rients ili kisiteleze.

"Huku," alisema.